Nani Anapiga Gita Hapo?

Katika programu ninayoitumia kusikilizia muziki kwenye simu yumo msanii anayeitwa Zilipendwa. Picha yake ni gita lililochorwa kwa kompyuta, na chini ya picha hiyo zimepangwa nyimbo chungu nzima: za Tanga, za Morogoro, za Dar es Salaam, mbili tatu za Nairobi, na hata taarabu ya Mombasa iliyotiwa humo pasipo sababu ya kueleweka. Kila ninapoufungua ukurasa huo hupandwa na hasira, kwa sababu nyingi ya nyimbo hizo nilizisikia mara ya kwanza zikiwa na wenyewe. Nilijua ni bendi gani inayopiga, ni nani aliyetunga, ni nani anayeongoza kuimba na ni nani wanaomwitikia. Leo ninazipata zote saa yoyote niitakayo, lakini waliozitengeneza hawatajwi hata mmoja.

Watu wa rika langu tukianza kuyakumbuka mambo ya redio, kanda na santuri, mazungumzo huelekea upesi kwenye ubora wa sauti, na hapo mtu atakuambia kwamba santuri ilikuwa na utamu ambao simu haiwezi kuutoa. Mimi sina hoja hiyo. Redio tuliyoisikiliza nyumbani Ngamiani, mjini Tanga, ilikuwa ikikoroma. Usiku stesheni ziliingiliana, na kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda nyingine ilififia mpaka besi na tumba zikawa kitu kimoja. Simu ya leo hutoa sauti safi kuliko vyote hivyo. Ninachokililia mimi ni kutambulishwa. Zamani wimbo haukuingia nyumbani kwa mtu bila kutajwa unatoka kwa nani.

Mjomba wangu alikuwa karani katika ghala la mkonge, na mali yake ya thamani kuliko zote ilikuwa redio kaseti ya National aliyoiweka juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kumaliza kipindi kimoja au viwili, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 betri mpya hazikuwa kitu cha kwenda dukani na kununua tu. Kwa sababu Tanga iko pale ilipo, tulisikia Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kila mtu aliiita RTD, tukasikia Zanzibar ng'ambo ya bahari, na usiku tukasikia Sauti ya Kenya kutoka upande wa pili wa mpaka. Stesheni zote hizo, kwa tofauti zao zote za siasa na lafudhi, zilikuwa na desturi moja: wimbo ukiisha, mtangazaji aliutaja. Alitaja jina la wimbo na jina la bendi, na akiwa mtu anayeipenda kazi yake aliongeza mtunzi, akamtaja mwimbaji na mpiga solo, akasema na mji ambako bendi hiyo ina makao. Sauti za watangazaji kama Julius Nyaisangah na Charles Hilary zilikuwa sehemu ya elimu yetu ya muziki, kwa sababu sisi watoto wa mikoani hatukuwa na njia nyingine ya kujua sura ya nyuma ya wimbo.

Mjomba aliyaandika yote hayo katika kaunta buku la jalada gumu. Alikuwa amelipiga mistari kwa rula, akatenga safu ya wimbo, ya bendi, ya mtunzi, ya sauti na ya solo, na safu nyembamba ya mwisho ilikuwa ya tarehe aliyousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza. Pale ambapo mtangazaji alizungumza haraka, au mlio wa redio ukamfunika, Mjomba alitia alama ya kuuliza kwa penseli. Baadhi ya alama hizo zilikaa miaka. Katika ukurasa mmoja alama ya penseli iliyokuwa kwenye safu ya solo imefutwa kwa raba mpaka karatasi ikaota manyoya, na juu yake limeandikwa jina kwa kalamu ya wino wa bluu, na pembeni kwa herufi ndogo: nimemuuliza mwenyewe, ukumbini. Alikuwa ameingoja bendi hiyo ije Tanga, akalipa kiingilio, akasubiri wapumzike, akamwendea mpiga gita na kumuuliza kama ni yeye aliyepiga siku ile studio.

Kuna jioni wimbo uliisha wakati watu wanagombana uani na hakuna aliyesikia kitu. Mjomba alinigeukia akasema, "Hebu kimbia kwa jirani, mwambie shikamoo, halafu muulize mtangazaji amemtaja nani." Nikaenda. Jirani naye alikuwa amefungulia stesheni hiyo hiyo, kama nyumba nyingi za mtaa ule saa ile, na alinijibu bila kushangaa hata kidogo kwamba mtu mzima ametuma mtoto kwa ajili ya jina la mpiga tarumbeta.

Wanaosikia hadithi hizi leo hudhani kwamba Mjomba alikuwa mtu wa namna yake. Bidii yake ndiyo iliyokuwa ya pekee, kwa maana kutaka kujua lilikuwa jambo la kawaida, na sababu yake imo katika historia ya muziki wenyewe. Santuri ilikuwa na karatasi ya duara katikati, na karatasi hiyo ilisema mambo. Taarabu ya Tanga, ile ya Black Star na Lucky Star ambamo Shakila aliimba, ilitolewa kwenye santuri zenye nembo ya Mzuri zilizosambazwa na duka la Assanand & Sons la Mombasa, na mtu aliyekuwa na santuri hiyo mkononi aliweza kusoma jina la kikundi na jina la wimbo hata kama gramafoni yake imekufa. Santuri ndogo ya mizunguko arobaini na mitano kwa dakika ilikuwa finyu, kiasi kwamba wimbo wa dansi ulilazimika kukatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Hapo katikati mtu alisimama, akaigeuza santuri, akaona maandishi tena. Usumbufu huo wa kugeuza ulikuwa na faida yake.

Lakini santuri hizo zilitengenezwa Kenya. Bendi za Tanzania zilizotaka kutoa santuri zilikwenda Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa hadi mwaka 1983, fedha za kigeni zikawa adimu, na njia ile ikawa ngumu. Kazi kubwa ya kurekodi dansi ya Tanzania ikabaki studio za RTD. Bendi ilipeleka mashairi yake yakakaguliwa kwanza, kisha ikaingia studio na kupiga kwa pamoja, waimbaji, magita, ngoma na matarumbeta, mtu akikosea wanaanza upya. Mkanda uliotoka hapo haukwenda kiwandani. Uliwekwa kwenye maktaba ya redio, ukachezwa hewani, na wasikilizaji hawakuwa na mahali pa kwenda kuununua.

Tuliangalie jambo hilo vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha malalamiko yangu. Nyimbo zilizotikisa nchi nzima hazikuwa na jalada, wala karatasi ya katikati, wala maandishi yoyote yaliyomfikia msikilizaji. Jalada lake lilikuwa mdomo wa mtangazaji. Jina la mtunzi lilikuwa limeandikwa kwenye boksi la mkanda ndani ya maktaba ya RTD, na kwa sisi wengine lilikuwa hewani kwa sekunde chache baada ya wimbo kwisha, aliyelidaka amelidaka. Bendi ya Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 na kumchukua mwimbaji Muhiddin Gurumo kutoka bendi ya chama cha wafanyakazi, sauti ile ile tuliyoizoea NUTA Jazz ikawa ya Sikinde, kama mashabiki walivyoiita Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda bendi ya Safari Sound. Baadaye akarudi kwa wale wale wa mwanzo ambao tumewajua kwa majina ya NUTA, JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Asiyetajiwa bendi na mwaka hawezi kujua anamsikiliza Gurumo wa wapi, na kumsikiliza bila kujua hilo ni kuikosa nusu ya hadithi, kwa sababu nyimbo hizo zilikuwa zikijibizana, bendi na bendi, na mashabiki wake walikuwa wamegawanyika vivyo hivyo.

Sasa nikiri jambo moja kwa niaba ya wapenzi wote wa kanda. Majina hayakuanza kupotea kwenye simu. Yalianza kupotea mikononi mwetu. Mtu aliyekuwa akirekodi kutoka redioni alikaa na kidole juu ya kitufe, na mtangazaji alipofungua kinywa tu, alikatisha. Sauti ya mtangazaji ilihesabiwa kuwa uchafu, na kanda iliyosifiwa ni ile ambayo nyimbo zilifuatana bila neno la mtu katikati. Mjomba aliiacha kanda yake iendelee kuzunguka, na wenzake walimcheka kwa hilo, wakisema anapoteza kanda. Zikaja zile studio za mitaani za kurekodi kanda, ambako ulipeleka orodha yako kwenye kipande cha karatasi na kanda tupu ya dakika tisini, ukairudia jioni imejaa. Aliyerekodi aliandika kwenye karatasi ya ndani kadiri alivyojua na kadiri alivyokuwa na nafasi, na mara nyingi aliandika tu Dansi, Taarabu, au Wazairwa. Baada ya hapo ikaja memori kadi. Kijana mwenye kompyuta kando ya stendi alikujazia nyimbo kwa bei ndogo, na simu yako ilipouanza wimbo iliandika namba, au jina la tovuti iliyoupakia, au jina la kijana mwenyewe.

Kwa hiyo aliyekuja kupandisha nyimbo hizo kwenye programu za kusikilizia muziki alikuta maiti zisizo na majina. Alichukua kanda iliyokatwa mtangazaji, akaigeuza kuwa faili, akaipa jina la wimbo kwa kubahatisha kutokana na neno lililorudiwa zaidi katika kiitikio, na msanii akamwita Zilipendwa. Simlaumu sana. Ninachokilaumu ni chombo chenye nafasi ya kuandika kila kitu, ambacho kinakubali kupokea wimbo bila kuuliza ni wa nani. Kaunta buku la Mjomba lilikuwa na safu sita na kalamu moja. Chombo cha leo kina nafasi isiyokwisha ya majina ya watunzi, wapigaji, wahandisi wa studio na miaka, na kwa nyimbo mpya nafasi hiyo hujazwa vizuri, kwa sababu nyuma yake kuna watu wanaodai fedha zao. Kwa nyimbo zetu za zamani imeachwa tupu.

Naona uchungu zaidi nikikumbuka kwamba mambo haya yalijulikana tangu mwanzo kabisa wa muziki wa kurekodiwa. Mwaka 1902 mwimbaji wa India, Gauhar Jaan, alirekodiwa mjini Calcutta, na mwisho wa wimbo alipaza sauti akataja jina lake mwenyewe, kwa kuwa santuri zilikuwa zinakwenda kutengenezwa Hanover, Ujerumani, na mafundi wa huko wasingejua kuandika nini juu yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na nyimbo za Kiswahili zikarudi pwani katika santuri zilizoandikwa jina lake. Tunawajua hata wenzake wa Unguja, Subeti bin Ambari na udi wake, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruku, na mtu wa kwetu Tanga, Shaaban Robert, akaona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu kizima. Ikiwa waliweza kuhifadhi majina hayo wakati gramafoni inazungushwa kwa mkono, sioni udhuru wa kuyapoteza sasa.

Jambo la pili linalonikera linahusu muda. Katika Spotify, programu ya kusikilizia muziki iliyofika Tanzania na Kenya mwaka 2021, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Watunzi wa sasa wanaujua mlango huo na wamejifunza kuingia nao: kiitikio huwekwa mbele, na wimbo huisha kabla hujakaa sawasawa. Dansi ya zamani haikutungwa hivyo. Ilianza kwa upole, magita yakitafutana, ikaingia hadithi beti kwa beti, na baada ya dakika tatu au nne ndipo mdundo ulipobadilika, matarumbeta yakajibizana, na watu wakainuka. Na hapo, katika sehemu ile ya kuchemka, ndipo waimbaji walipokuwa wakiwaita wenzao kwa majina. Anaitwa mpiga solo, anajibu kwa gita lake. Anaitwa wa besi, anaitwa wa tumba, na wakati mwingine anatajwa na shabiki aliyefadhili. Majina tunayoyatafuta mengine yamo ndani ya wimbo wenyewe, ila yamo mwishoni, mahali ambapo kidole cha msikilizaji wa leo kimeshahamia wimbo mwingine zamani. Siandiki hivi kuwasema vijana. Simu imejengwa ili mtu ahame, na wimbo unaofuata tayari umechaguliwa kabla hujaomba.

Tena jina ni riziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi wa Tanzania haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, pamoja na haki ya malipo, na haki ya kwanza ikikosekana ya pili haina pa kusimama. Isitoshe, tangu mwaka 2024 Spotify haiulipii wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi kumi na miwili. Wimbo wa bendi ya mkoani ambao umepakiwa na watu watano kwa majina matano tofauti, kila mmoja ukipata wasikilizaji wake wachache, unaweza kupendwa na watu wa kutosha na usilipe senti. Na hata ukilipa, fedha hiyo itamwendea aliyeupakia. Mjane wa mpiga solo hatajua kwamba mumewe anachezwa kwenye mabasi, kwenye kumbi za harusi na kwenye simu za watu walio ng'ambo.

Hao wa ng'ambo ndio walionifanya nisite kuzilaani programu hizi. Mpwa wangu anaishi Muscat, na ni simu iliyompa Shakila. Kwa kanda asingempata kamwe. Kanda zetu ziliota ukungu wa pwani, nyingine zilimezwa na redio na kuunganishwa kwa selotepu mara nyingi mno, na kuzituma Oman lisingekuwa jambo la maana. Ameusikiliza wimbo mmoja wa taarabu ya Tanga mpaka akauhifadhi beti zote, jambo ambalo mimi kwa umri wake sikuliweza, kwa kuwa nilingoja redio iurudie pale itakapopenda. Ninakiri pia kwamba nimepata kusikia kwa simu, kwa mara ya kwanza maishani, nyimbo ambazo Mjomba aliziandika katika daftari lake na ambazo hazikupata kupigwa tena hewani nikiwa nasikiliza. Huo ni upatikanaji ambao yeye angeupokea kwa mikono miwili.

Siku moja mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema, "Mjomba, shikamoo. Nani anapiga gita hapo, baada ya ubeti wa pili?" Swali zuri kabisa, swali la msikilizaji aliyeketi na wimbo. Nilitafuta kwenye programu, hakuna. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta wimbo huo kwa majina matatu na kikundi kwa majina mawili. Nikalishusha kaunta buku kutoka juu ya kabati. Wimbo upo, kikundi kipo, mwimbaji yupo, na kwenye safu ya solo pana alama ya kuuliza ya penseli.

Kwa hiyo sasa nina kazi. Wapo wazee wa Ngamiani na Makorora waliokuwa wakihudhuria maonyesho hayo na ambao bado wanaweza kuitambua mikono ya mpigaji kwa kusikia tu, na nimeanza kuwapelekea simu yangu pamoja na spika ndogo, tukiusikiliza wimbo hadi mwisho, kisha nikiandika anachosema kila mmoja na jina lake yeye aliyesema. Wawili wamekubaliana juu ya jina moja na wa tatu amekataa kabisa. Anasema huyo alikuwa mpiga rizimu na kwamba solo la siku ile lilipigwa na mgeni aliyetoka Mombasa. Zile kanda za Mjomba ambazo hazijaharibika nazigeuza kuwa faili bila kukata popote, mtangazaji akiwa ndani, na katika kila faili najaza safu zile zile sita. Maktaba ya mikanda ya RTD iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na maboksi yake yana maandishi ambayo hakuna kanda ya nyumbani inayoweza kuyashinda. Ningependa kuona maandishi hayo yakitolewa hadharani hata kabla ya muziki wenyewe, kwa kuwa kuchapa orodha ya majina hakuhitaji mashine ya gharama. Wiki ijayo nakwenda kumwona mzee wa nne, ambaye aliwahi kupiga besi katika kikundi hicho.